Pensheni ya ulemavu Australia: miaka 10 inamhusu nani?

SWALI: Nilifika Brisbane mwaka 2021 kwa viza 200, nikitokea kambi ya Nyarugusu. Mgongo uliumia tangu kambini na kazi nzito siwezi tena. Jamaa wananiambia nisijisumbue kuomba pensheni ya ulemavu mpaka nitimize miaka 10 ya kuishi Australia. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yetu, sharti hilo lipo, ila halikuhusu. Aliyeingia Australia kwa viza ya ukimbizi au ya kibinadamu ya kudumu (200 hadi 204, au 866 kwa aliyeombea hukohuko) amesamehewa miaka 10, na msamaha haupotei akishapata uraia. Omba sasa. Ambatanisha nakala ya barua ya viza, maana msamaha wako wote unategemea namba iliyomo humo.

Kazi yako kubwa iko upande wa matibabu. Ulemavu lazima ufikie pointi 20 kwenye majedwali ya serikali ya kupima ulemavu, na uwe unakuzuia kufanya kazi saa 15 kwa wiki kwa miaka 2 ijayo. Maradhi yawe yamepimwa, yametibiwa inavyostahili, na hayatarajiwi kubadilika sana. Mgongo huangusha wengi hapa: picha ya eksirei ipo, lakini hakuna ripoti ya daktari bingwa wala ya mazoezi ya viungo, basi Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa pensheni, inasema matibabu hayajakamilika. Pointi 20 zikitoka jedwali moja, vizuri. Zikiwa za kuunganisha, 10 za mgongo na 10 za msongo wa mawazo kwa mfano, kwa kawaida utadaiwa pia miezi 18 ya mpango wa kusaidiwa kutafuta kazi, ndani ya miaka 3 kabla ya ombi.

SWALI: Mke wangu alitoka Mombasa kwa viza ya ndoa. Ya muda alipewa 2019, ya kudumu 2022. Alikuwa na kisukari tangu nyumbani. Mwaka 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Naye anasubiri miaka 10?

JIBU: Hapa tusiharakishe. Viza ya ndoa haina msamaha wa wakimbizi. Kawaida angehitaji miaka 10 ya ukaazi, mfululizo, au zaidi ya 10 kwa jumla ilimradi 5 kati yake haikukatika. Na hesabu inaanza 2022: miaka ya viza ya muda haihesabiwi. Wala Kenya haina mkataba na Australia wa kuunganisha miaka ya ukaazi, tofauti na New Zealand iliyo nao.

Ila kuna mlango wa pili. Mtu akishindwa kufanya kazi wakati tayari ni mkaazi, yaani ana viza ya kudumu au uraia, miaka 10 haidaiwi. Kinachotazamwa ni siku aliyoshindwa kazi. Siku ugonjwa ulipoanza ni jambo jingine. Kisukari cha Mombasa hakimzuii ikiwa alikuwa anafanya kazi, au anaweza kuifanya, hadi kiharusi cha 2024. Kiharusi kingempata 2021, akiwa na viza ya muda, mlango huo ungekuwa umefungwa.

Kwa hiyo soma barua ya daktari kabla ya kuituma. Daktari akiandika kwa haraka “mgonjwa tangu 2015, hawezi kazi”, mwamuzi atachukua hiyo 2015 na ombi litakataliwa. Mwombe atenganishe mambo mawili: kisukari kiligunduliwa lini, na uwezo wa kazi ulipotea tarehe ngapi, kwa sababu gani. Ambatanisha hati za mshahara au barua ya mwajiri za kabla ya kiharusi, pamoja na ripoti ya hospitali aliyolazwa. Kama hakuwa ameajiriwa, daktari aeleze alichokuwa anakiweza kabla ya siku ile.

Likikataliwa, omba maamuzi yapitiwe upya ndani ya wiki 13 tangu mpate barua; mkiomba baada ya hapo, hata mkishinda, malipo ya kabla ya siku mliyoomba hupotea. Hatua inayofuata ni Administrative Review Tribunal, baraza la rufaa lililo nje ya Centrelink. Msimtumie mtoto kutafsiri mambo haya. Piga 131 202, laini ya Centrelink ya lugha mbalimbali, uombe Kiswahili.

SWALI: Pensheni hii nalipwa tayari. Naweza kwenda Kigoma miezi miwili kumuuguza mama?

JIBU: Kwenda unaweza, lakini malipo ya kawaida yanaendelea kwa siku 28 tu ndani ya miezi 12, na safari fupi fupi hujumlishwa. Wenye ulemavu mkubwa waliothibitishwa kuwa hawatarajiwi kufanya kazi tena wanaweza kuruhusiwa muda zaidi, ila uamuzi huo uombwe kabla ya kupanda ndege.