Laana ya ukoo, Shetani na Torati: Wayahudi wanasemaje kuhusu uovu?

Swali: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mwezi wa tatu tulimzika mdogo wangu, alipata ajali ya bodaboda akitoka kazini. Tukiwa bado matangani mhubiri mmoja alisimama akasema kifo kile ni laana ya ukoo, kwa sababu babu yetu alikuwa mganga, na kwamba Shetani anashika hati juu ya familia yetu. Akaongeza kuwa hata Wayahudi, wenye Agano la Kale lao, wanalijua hilo. Kwenye kikundi chetu cha Biblia mwenzetu akampinga: Wayahudi hawamwamini Shetani kabisa, na Maandiko wameyapotosha. Nikafungua Isaya 45:7 nikachanganyikiwa zaidi, maana pale Mungu mwenyewe anasema anahuluku ubaya. Naomba unieleze, Wayahudi wanashika Maandiko gani, na wanasema uovu unatoka wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Amina. Pole sana kwa msiba huo. Nimeyasoma maneno yako mara tatu kabla ya kuanza kuandika, na ninajua hukuniuliza swali la darasani.

Nianze na Maandiko, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Biblia ya Wayahudi huitwa Tanakh, nayo ina sehemu tatu: Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, kisha Manabii, kisha Maandiko. Wao huhesabu vitabu 24, lakini usidhani wamepunguza kitu. Ni vilevile 39 vya Agano la Kale letu sisi Waprotestanti: Samweli kwao ni kitabu kimoja, Wafalme kimoja, manabii wadogo 12 wote ni kitabu kimoja. Mpangilio nao ni tofauti. Sisi tunamaliza na Malaki, Tanakh nyingi zilizochapwa zinamaliza na Mambo ya Nyakati.

Kuhusu kupotosha, naomba mwenzenu alirudishe neno hilo taratibu. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo walikuta mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, magombo ya kale, na mojawapo ni gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Ukiliweka kando ya Biblia ya Kiebrania inayotumika leo unakuta ni Isaya yuleyule, tofauti nyingi zikiwa za tahajia na maneno machache. Hata aya yako ya 45:7 imo. Pale tulipozoea kusoma “mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya”, gombo lile linasema anafanya mema na kuumba mabaya. Kwa hiyo ni kali zaidi. Angekuwapo mtu wa kutaka kuificha aya hiyo, angeanzia hapo.

Torati ya kusomwa sinagogi huandikwa kwa mkono hadi leo, kwenye ngozi, na mwandishi aliyesomea kazi hiyo. Ina herufi 304,805. Moja ikikosekana au ikikatika, gombo halisomwi hadharani mpaka lirekebishwe. Msomaji haigusi ngozi kwa kidole, anafuata mstari kwa kijiti chenye umbo la mkono mdogo. Watu wanaohesabu herufi namna hiyo hatuwezi kuwaita wapotoshaji kwa sababu tu wanasoma maana tofauti na yetu.

Ila kuna jambo ambalo Wakristo wengi hawalijui, na bila hilo hutaelewa wanavyozungumzia uovu. Kwa marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, Torati ni mbili: iliyoandikwa, na ile ya mdomo, yaani mafundisho yaliyopokewa kizazi kwa kizazi. Mnamo mwaka 200 Rabi Yehuda HaNasi aliyakusanya katika Mishna, na mijadala juu ya Mishna ikakua ikawa Talmudi, ile ya Babeli ikikamilika baada ya karne kama tatu. Ukifungua ukurasa wa Talmudi unaona maandishi yenyewe katikati kama kisima, na pembeni maelezo ya Rashi, mwalimu wa Ufaransa aliyefariki 1105, na upande wa pili maelezo ya waliokuja baada yake, wakibishana naye. Hoja iliyoshindwa haifutwi, inabaki pale pale isomwe na wajukuu. Ndiyo maana ukiniuliza “Wayahudi wanasemaje”, mara nyingi jibu ni kwamba wanabishana, na ubishi wenyewe kwao ni ibada.

Sasa Shetani. Neno letu hili limetufikia kupitia Kiarabu, na lina undugu na la Kiebrania, *satan*. Lakini kwa Kiswahili limebeba mzigo mwingine kabisa: huku kwetu pwani mtu husema ana mashetani, anapigiwa ngoma. Kwa Kiebrania maana yake ya kwanza ni mpinzani, au mshitaki. Soma Hesabu 22:22, Balaamu akiwa juu ya punda wake. Biblia yetu inasema malaika wa Bwana alijiweka njiani ili kumpinga. Kwa Kiebrania imeandikwa kwamba alisimama awe *satan* kwake. Malaika wa Bwana! Na katika 1 Samweli 29:4, wakuu wa Wafilisti wanahofia Daudi asije akawageukia vitani, na neno wanalolitumia kwa Daudi ni hilohilo.

Katika Ayubu linakuja likiwa na kiambishi cha kuonyesha, *ha-satan*, kama kusema “yule mshitaki”. Ni cheo, kama mwendesha mashtaka mahakamani. Anaingia mbele za Mungu pamoja na wengine, anaomba ruhusa, anapewa mpaka, na haupiti. Ndivyo Wayahudi wengi wanavyomwelewa: mtumishi mwenye kazi ngumu, wala si mfalme wa ufalme wa pili. Nyoka wa Mwanzo 3 hawamwiti Shetani, kwa sababu sura yenyewe haimwiti hivyo. Isaya 14, tuliyoizoea kuihubiri kama anguko la Lusifa, wao wanasoma aya ya 4 inayosema ni mithali juu ya mfalme wa Babeli, na wanaishia hapo.

Talmudi ina simulizi moja ambayo wanafunzi wangu huwa hawaisahau. Rabi Levi alifundisha kwamba Shetani alipomshitaki Ayubu alikuwa na nia njema, asije Mungu akausahau upendo wa Ibrahimu kwa kumfurahia Ayubu. Mwalimu mwingine alipolirudia somo hilo katika mji wa Papunya, Shetani mwenyewe akaja akambusu miguu. Na katika ukurasa huohuo rabi mwingine, Resh Lakish, anatamka lililo zito zaidi: Shetani, maelekeo mabaya ya moyo, na malaika wa mauti, wote ni kitu kimoja.

Hapo kwenye maelekeo ya moyo ndipo penye kiini cha imani yao juu ya uovu. Wanayaita *yetser hara*, maelekeo mabaya, na pembeni yake kuna *yetser hatov*, maelekeo mema. Marabi waliyaona katika herufi moja. Mwanzo 2:7, Mungu anapomfinyanga mtu, kitenzi cha Kiebrania kimeandikwa kwa herufi *yodi* mbili. Mwanzo 2:19, anapowafinyanga wanyama, kitenzi hichohicho kina *yodi* moja. Kwa nini moja izidi kwa mtu? Kwa sababu, wakasema, mtu peke yake ameumbwa na maelekeo mawili. Mwanafunzi akiniambia hayo ni kukuza jambo dogo, humwambia ahesabu tena zile herufi 304,805 kabla hajasema kuna iliyo ndogo.

Na hayo maelekeo mabaya si uchafu mtupu. Midrashi, yaani mafafanuzi ya kale ya marabi juu ya Maandiko, inauliza kwa nini Mungu alisema “ni chema sana” siku ya sita, na inajibu kwamba “chema sana” ni *yetser hara*, kwa kuwa bila hamu hiyo mtu hajengi nyumba, haoi, hazai, hafanyi biashara. Talmudi inasimulia kuwa wakati mmoja watu waliomba, wakafanikiwa kuyakamata maelekeo ya tamaa, wakayafunga kifungoni siku tatu. Wakatafuta yai bichi la siku hiyo katika nchi yote ya Israeli, wasilipate hata moja. Kuku walikuwa wameacha kutaga. Wakaelewa kwamba wakiyaua, dunia inakwisha. Wakayapofua macho wakayaachia.

Dawa yake basi? Hapa maswali yako mawili yanakuwa moja. Katika Talmudi Mungu anawaambia Israeli: nimeumba *yetser hara*, na nimeiumba Torati kuwa *tavlin* yake. *Tavlin* ni kiungo, kama iliki na mdalasini kwenye pilau. Fikiria mpishi mwenye nyama yenye harufu kali. Haitupi. Anaitia viungo, anaiacha motoni, mwisho watu wanakula na kusifu. Kwao Maandiko kwanza kabisa ni hicho kiungo cha kila siku, cha kumfundisha mtu kuoa kwa haki, kupima mizani kwa haki, kukasirika kwa kiasi. Vita na uovu kwa Myahudi hupiganwa zaidi mezani penye kitabu, pamoja na mwenzake wa kusoma, kuliko kwa kukemea.

Dhambi ya asili kama tunavyoifundisha sisi hawaikubali. Kila asubuhi Myahudi hukiri mbele za Mungu kwamba roho aliyopewa ni safi. Kwenye hilo sisi na wao tumeachana, na sitaki kulifunika.

Sasa Isaya 45:7. Maneno yale anaambiwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, na ujumbe wake ni kwamba hakuna mungu wa nuru na mungu mwingine wa giza: yuko mmoja. Wayahudi wameitia aya hii katika sala yao ya asubuhi, kabla ya *Shema*, lile ungamo la “Sikiza, Ee Israeli”. Lakini sikiliza walivyoitia. Wanasema anaumba nuru na kuhuluku giza, anafanya amani na kuumba *vyote*. Wamesema “vyote” mahali pa “ubaya”. Talmudi inalijua badiliko hilo, na inaeleza kwamba walichagua lugha iliyo nzuri zaidi. Katika gombo hawakugusa herufi, ila kinywani mwa mtu anayeamka asubuhi waliona neno hilo ni zito mno.

Musa bin Maimuni, tabibu na mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, aliliendea kwa njia ya falsafa. Alifundisha kwamba ubaya si kitu chenye asili yake, ni upungufu, kama giza lilivyo kukosekana kwa nuru. Mabaya yanayotupata akayaona ni ya namna tatu: yanayotokana na kuwa na mwili wa kuharibika, yale watu wanayotendeana, na yale mtu anayojitendea mwenyewe, ambayo ndiyo mengi kuliko yote. Anayetaka kuwa na nyama na mifupa halafu asidhurike, alisema, anataka vitu viwili visivyokaa pamoja. Mdogo wako alikuwa na nyama na mifupa, mwanangu, na barabara zetu unazijua.

Si wote walioridhika na falsafa hiyo. Walimu wa Kabala, yaani elimu ya Kiyahudi ya mafumbo ya kiroho, hasa wafuasi wa Isaka Luria aliyefariki Safed mwaka 1572, walisema vyombo vya nuru vilivunjika mwanzoni mwa uumbaji, na uovu unajificha kwenye magamba ya vigae hivyo. Na baada ya Wanazi kuua Wayahudi milioni 6, wengi walikataa maelezo ya kila namna. Wengine walirudi Kumbukumbu la Torati 31:18, Mungu anaposema atauficha uso wake, wakabaki kulia nalo.

Nimekuja kwa yule mhubiri wa matangani. Aliyodai kwa jina la Wayahudi, Wayahudi wenyewe wameyajadili, na wakayajibu. Kutoka 20:5 inasema Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao. Ezekieli 18:20 inasema: “Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake.” Rabi Yose bar Hanina aliziweka aya hizi mbili uso kwa uso akasema: Musa alitamka hukumu hiyo, akaja Ezekieli akaitangua. Marabi wengine walisema aya ya Kutoka inawahusu wana wanaoyashika matendo mabaya ya baba zao kwa mikono yao wenyewe. Mdogo wako hakuwa mganga. Alikuwa anatoka kazini.

Mimi ni Mkristo, na Agano Jipya linamtaja Shetani waziwazi kama adui, nami namwamini Bwana wangu katika hilo. Ila naona sisi tumemkuza mno, tumempa hati za kumiliki familia za watu, wakati Wakolosai 2:14 inatuambia hati ya kutushitaki imefutwa na kugongomewa msalabani. Anayewaambia watoto wa Mungu kwamba hati bado ipo, aitoe tuione.

Nikuachie jambo moja kutoka kwao. Myahudi akipewa habari ya kifo husema: “Abarikiwe Hakimu wa kweli.” Wafiwa huchana vazi, huketi chini au kwenye viti vifupi siku saba, na anayekuja kuwafariji haanzi kuzungumza mpaka mfiwa afungue kinywa kwanza. Walijifunza hilo kwa rafiki za Ayubu, walioketi naye mavumbini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Mkikutana tena kwenye kikundi chenu, someni Ayubu 2:11 hadi 13, kisha mruke moja kwa moja hadi 42:7, mwone Mungu aliwaambia nini rafiki hao baada ya kuanza kueleza kwa nini watoto wa mwenzao walikufa. Mwalikeni na mhubiri huyo, aisome yeye kwa sauti.