Mjomba wa Ndege: mbegu za kulowekwa kwa kanari

Nimepokea barua nyingi za kanari safari hii na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja, kulowesha mbegu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi yamewafika na wamenyamaza.

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Kisauni, Mombasa, nafuga kanari mwaka wa pili huu. Jike wangu alilalia mayai 5, siku ya 14 wakatoka makinda 4, nikafurahi mno. Nikaona video ya mfugaji wa Ulaya anasema loweka mbegu masaa 24 alafu ziache siku 2 zichipue ndo uwape, nikafanya hivyo hivyo. Siku ya tano nikakuta kiota kimelowa, na jike kifua kimelowa, makinda wananuka. Wawili wakafa usiku mmoja, wa tatu asubuhi yake. Huyu wa nne bado yuko hai. Jirani anasema ni jicho la watu, mwengine anasema ni mbegu. Nimekosea wapi?

JAWABU: Marahaba mwanangu, na pole sana, kinda akifa mkononi mwa mtu si kitu kidogo. Hilo si jicho, wala usimshuku jirani yako. Mbegu zako zilishavunda kabla hazijaingia tunduni.

Yule mfugaji wa Ulaya hakukudanganya, ila yeye nyumbani kwake ni baridi, maji yake ya bomba ni kama ya friji, akiziacha mbegu masaa 24 hazimfanyi kitu. Sasa wewe uko Kisauni, joto la chumbani digrii 30 na zaidi na unyevu wa bahari juu yake, ukiziacha mbegu ndani ya maji masaa 24 umeshatengeneza supu ya bakteria. Mbegu ikishaingia maji sio mbegu tena, ni chakula kibichi kinachooza, ichukulie kama maziwa. Maziwa ungeyaacha mezani siku 2?

Kile kiota kulowa kina maana yake. Kinda mzima anakunya kinyesi chenye kama kifuko cheupe na mama yake anakiokota kwa mdomo anakila au anakitoa nje, ndo maana kiota cha makinda wadogo huwa kikavu kabisa. Kinda akiharisha hakuna kifuko, mama hana cha kuokota, uchafu unabaki, jike anaulalia ndo na yeye kifua kinalowa. Kwa hiyo ukiona ule unyevu siku ya kwanza usingoje siku ya pili.

Huyu aliyebaki fanya hivi leo leo: toa kitambaa na nyasi zote za kiota weka vikavu visafi, mbegu za kulowekwa simamisha kabisa, mpe jike yai lililochemshwa dakika 10 na kupoa, ulisage kwa uma na chenga za mkate mkavu mpaka liwe linachambuka mkononi, sio uji, na kila baada ya masaa mawili toa lililobaki weka jipya dogo. Na kama bado anaharisha kesho, mtafute daktari wa mifugo. Usikimbilie duka la dawa ukanunua antibayotiki kwa kukisia, kanari mzima ana uzito kama gramu 20 tu, sasa kinda wa siku tano utampimia nini?

Mie mwenyewe yalinifika miaka ya nyuma, kaskazi imepamba moto, nikaloweka asubuhi nikaenda kwenye maziko nikarudi magharibi. Nikazisuuza nikaona zinang'aa, nikampa jike. Makinda wa siku tatu nne ngozi yao ni nyembamba unaona mpaka ndani, pale shingoni upande wa kulia kuna kifuko cha chakula kinatuna na mbegu unazihesabu moja moja. Asubuhi bado zile zile, hazijashuka, kifuko kimevimba kama puto dogo na ngozi imegeuka rangi. Nilipoteza wote watatu. Tangu siku hiyo sina mbegu nnayoitoa bila kuinusa.

Sasa ntakwambia nnavyofanya mie hapa pwani. Baada ya isha, tuseme saa 2 usiku, chukua kijiko kimoja cha chai cha mbegu kavu kwa kila ndege, usizidishe kwa ubahili wa kuokoa kazi. Zisuuze kwanza kwenye chujio la chai mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi la ghala ndo lina ukungu, alafu zitie kwenye bakuli la gilasi na maji mengi, sio ya kuzifunika tu. Kabla hujalala mwaga maji weka mengine. Alfajiri ukiamka kwa swala zimwage kwenye chujio, suuza huku unazigeuza kwa kidole, alafu chujio lilaze juu ya bakuli tupu lining'inie, maji yachuruzike, lifunike kitambaa chepesi chenye unyevu na uliweke penye upepo na kivuli. Juani usiweke, na usifunike kwa plastiki. Adhuhuri suuza tena, alasiri suuza tena, usiku suuza tena. Kwenye joto hili mpaka asubuhi ya pili nyingi zitakuwa zimetoa nukta nyeupe ndogo kama ncha ya sindano. Hapo ndo penyewe. Usingoje mizizi mirefu, ikirefuka inafungana, ukungu unapata pa kukaa, na faida imeshapungua. Hata zikiwa zimefura tu bila nukta zinafaa, ndege anazimenya kirahisi.

Kabla ya kutoa, suuza mara ya mwisho, zimwage kwenye taulo safi uzipapase zikauke nje. Alafu nusa. Mbegu nzima inanuka kama majani mabichi, au udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Ikikunusia uchachu kama togwa lililolala, au ukizishika zinateleza kama bamia, mwaga zote, na wala usiwape kuku. Usiseme ntaziosha tena, harufu itaondoka ila sumu haiondoki. Zile nzuri zitoe asubuhi wakati ndege wana njaa na kifikapo saa 3 au saa 4 chombo kiwe kimetoka tunduni, hata kama zimebaki nusu.

Na kwa makinda, siku 4 za mwanzo mie natoa yai peke yake, mbegu za kulowekwa naanza siku ya tano hivi, kidogo. Zinakuja kuwa na kazi kubwa hasa baadaye, wakishatoka kiotani siku ya 18 hivi na wakianza kula wenyewe karibu mwezi mmoja, maana midomo yao bado laini haivunji mbegu kavu. Watu wanawaondolea chakula laini ghafla hapo, na ndege aliyekuwa mzima unamuona kifua kimekuwa kama wembe. Endelea nazo mpaka wiki ya 6 au ya 7 huku mbegu kavu iko pembeni wajifunze.

SWALI: Mjomba, mi niko Tanga. Zile mbegu za kulowekwa za paketi zinazotoka nje ni ghali na mara nyingi hazipo. Je naweza kutumia ulezi na mtama wa sokoni? Kuna mtu kaniambia ninunue mbegu duka la pembejeo kwa sababu zinaota zote.

JAWABU: Kaka, huyo mtu usimsikilize kabisa, nasema kwa herufi kubwa: MBEGU ZA KUPANDA USIWAPE NDEGE. Nyingi zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, ndo maana unaziona nyekundu, waridi, au kijani, na rangi hiyo haitoki yote kwa kuosha. Zinaota zote kweli, na ndege wako wanakufa wote kweli.

Ulezi wa sokoni ndo kipenzi changu. Bibi zetu wamefanya kimea cha ulezi miaka yote kwa ajili ya togwa na uji, na kuloweka mbegu za ndege ni kazi ile ile ya kimea, ila sisi tunaikatiza mapema. Mbegu ikipata maji inaamka, ule wanga uliolala ndani unaanza kugeuka sukari, ganda linalegea, na ndege anapata chakula laini chenye uhai. Ulezi ni mdogo, unamtosha kanari mdomoni na unaota upesi. Uwele nao mzuri. Mtama mweupe ukishafura wanautafuna, ila usiwe mwingi. Ufuta ambao haujakobolewa unaota vizuri na una mafuta, kijiko kimoja katika vijiko kumi kinatosha. Choroko nazo ziko poa zikishachipua, zikatekate kwa kisu. Maharage mekundu mabichi hapana, yana sumu mpaka yachemke sawasawa. Karanga pia niondolee, sumukuvu inazipenda mno.

Kabla hujanunua kilo, nunua kipimo kidogo ujaribu. Hesabu punje 100 weka kwenye kitambaa chenye maji, baada ya siku 2 hesabu zilizoota. Zikifika 80 na zaidi rudi kwa muuzaji huyo huyo ukachukue, zikiwa chini ya 50 hizo ni za zamani, na punje isiyoota ndani ya maji haikai tu, inaoza na kuozesha wenzake. Chungulia pia kama kuna wadudu au harufu ya gunia lililolowa.

SWALI: Assalam aleikum ami. Naandika kutoka Maskati. Kanari wangu dume nampa mbegu za kulowekwa na yai kila siku mwaka mzima, nilisikia zinaleta sauti. Sasa ana wiki ya tatu kanyamaza, na manyoya yamejaa chini ya tundu.

JAWABU: Waaleikum salaam bin akhi. Sauti ataileta mwenyewe, hivi sasa anabadilisha manyoya na dume wengi hunyamaza kipindi hicho, ni wiki 6 mpaka 8, wengine zaidi. Ila kila siku mwaka mzima ni nyingi. Kwa kanari chakula laini kingi ni dalili kwamba msimu wa kuzaa umefika, basi mwili wake haupumziki, na akikaa tunduni bila kazi ananenepa. Sasa akiwa anaota manyoya mpe mara 3 kwa wiki, yai mara 2, akimaliza punguza mpaka mara 1. Na usimlaze chini ya upepo wa AC akiwa hivi, ngozi iko wazi.

SWALI: Mjomba nipo Temeke. Umeme unakatika katika, naweza kuloweka nyingi nikaweka friji? Na maji ya kisima je?

JAWABU: Friji lisilokatika umeme, siku 2, mwisho 3, kwenye chombo kisichobanwa mfuniko, na kila asubuhi unazisuuza na kuzinusa kama mpya. Kwako umeme ukikatika masaa mengi friji inakuwa kabati tu, bora uloweke kidogo kidogo kila usiku. Maji ya kisima chenye chumvi usitumie, mbegu haziamki vizuri na ndege anakula chumvi bure. Tumia yale yale mnayokunywa nyumbani, na chujio la ndege liwe la ndege, likimaliza kazi limwagie maji ya moto na ulianike juani mpaka likauke kabisa kabla ya usiku.