Kosa katika kitabu cha rubani hurekebishwa likiwa bado linasomeka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Shangani, Mtwara, na ni rubani mwanafunzi ninayekusanya saa za kuruka ili niombe leseni ya urubani wa kibiashara. Nikiwa likizo nyumbani nimekikagua kitabu changu cha kumbukumbu za safari, kile tunachokiita logibuku, nikakuta mambo matatu yanayoninyima usingizi. Jumla za kurasa nne hazilingani; safari niliyoruka na mwalimu kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko nimeiandika katika safu ya rubani kiongozi, yaani yule anayewajibika kwa ndege safarini; na sehemu ya ukurasa mmoja niliipaka wino mweupe wa kufutia. Je, nikinunua kitabu kipya na kunakili kila kitu kwa usafi, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usinakili. Kitabu kipya chenye mwandiko mmoja na wino mmoja kwa safari za miaka miwili humtia mkaguzi shaka kuliko kile chenye marekebisho, na saini halisi za walimu wako zingebaki katika kitabu ulichokiacha.

Safari ya Kilwa Masoko ipigie mstari mmoja mwembamba juu ya tarakimu zilizokosewa, hivi kwamba bado zinasomeka, kisha andika muda ule ule katika safu ya mafunzo pamoja na mwalimu, uweke tarehe ya marekebisho na saini yako pembeni. Kwa kuwa safari hiyo ilikuwa chini ya mwalimu, mwombe naye atie saini, maana saa za rubani kiongozi ndizo zinazochunguzwa zaidi wakati wa maombi ya leseni.

Kuhusu jumla, nashuku umetumia kikokotoo cha kawaida. Chukua safari tatu za 1.30, 0.45 na 0.50, zote zikiwa saa na dakika: kikokotoo kitakupa 2.25, ilhali jumla sahihi ni saa 3 na dakika 5. Kikokotoo huhesabu saa moja kuwa na sehemu 100, kwa hiyo kila kinapobeba saa nzima kinakupunja dakika 40, nawe umezitolea jasho na fedha. Kinyume chake pia hutokea: 1.5 ya desimali ni saa 1 na dakika 30, na anayeisoma kuwa saa 1 na dakika 50 anajiongezea dakika 20 ambazo hakuruka. Chagua mfumo mmoja na uutumie kitabu kizima. Usivuruge jumla za kurasa zote nne. Zihesabu upya kwenye karatasi ya pembeni, kisha katika mstari unaofuata wa ukurasa wa sasa andika tofauti iliyopatikana, ukitaja kurasa zilizohusika na sababu yake.

Ule wino mweupe usiukwangue. Tafuta kumbukumbu za ndege yenyewe na za chuo chako kwa tarehe hiyo, andika pembeni kilichokuwa kimeandikwa na kilicho sahihi, utie saini, na uhifadhi nakala ya ushahidi huo. Hili ndilo linalonihuzunisha zaidi katika barua yako, kwa kuwa kosa lenyewe huenda lilikuwa dogo, lakini lililofunikwa halina namna ya kujitetea.

Maadamu umekifungua kitabu, kagua pia nyakati za kuondoka na kutua. Tunaosema saa tatu asubuhi huku Mtwara tunamaanisha saa 0900 kwa saa 24 za Afrika Mashariki, ambayo kwa saa za dunia zinazotumika katika usafiri wa anga ni 0600. Wanafunzi wengi huandika 0300 kwa mazoea ya ulimi. Ukikuta kosa la namna hiyo, lipigie mstari kama yale mengine kabla hujampelekea mwalimu kitabu, ili saini zake zote azitie mara moja.