Hesabu saa za nguo kukauka, usihesabu siku za safari

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Anayekwenda kuzunguka nchi kadhaa za tropiki kwa miezi mitatu abebe nini ili mzigo usimlemee?"

Wengi huanza kwa kuhesabu siku. Miezi mitatu inatisha, basi begi linajazwa fulana kumi na mbili, suruali tano na viatu vya kila shughuli. Lakini hakuna anayesafiri miezi mitatu bila kufua. Ukishakubali kwamba utafua, begi la miezi mitatu ni lile lile la wiki moja, na linalobaki kuulizwa ni hili: nguo uliyoifua saa mbili usiku itakuwa imekauka saa kumi na mbili asubuhi? Ikikauka, seti tatu zinatosha. Isipokauka, hata seti nane hazitoshi, kwa sababu utakuwa unatembea na nguo mbichi mgongoni.

Katika tropiki kinachochelewesha nguo kukauka ni unyevu. Usiku, pwani au msituni, unyevu wa hewa hufika asilimia 90 na kupita. Hewa ya namna hiyo imekaribia kushiba maji, haina nafasi kubwa ya kupokea ya fulana yako. Ndiyo maana kitambaa huchaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Pamba, hata ukiiona kavu, hushika maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Nailoni kama asilimia 4. Poliesta haifiki asilimia 1. Suruali ya jinzi ina gramu 700 hivi ikiwa kavu, na ikilowa msimu wa mvua inaweza kukaa kambani siku mbili. Suruali nyembamba ya nailoni ni gramu 300 na kwa kawaida hukauka usiku mmoja.

Poliesta nayo ina ubaya wake: hunasa harufu ya jasho, na kuna harufu ambayo sabuni haiitoi tena. Sufu nyembamba ya kondoo wa merino huvaliwa siku tatu bila kunuka, ila ni ghali, hutoboka mapema na hukauka polepole kuliko poliesta. Kwa maoni yangu mchanganyiko ndio bora: fulana mbili za poliesta, moja ya merino, shati moja jepesi la mikono mirefu, suruali mbili za nailoni, kaptura au sketi moja, chupi nne, soksi jozi tatu, na sweta jembamba moja. Hizo ni pamoja na ulizovaa. Zinazobaki ndani ya begi hazitafika kilo 2.

Msiliache sweta. Kila unapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo mji wa milimani unaweza kuwa na baridi kali usiku ingawa uko karibu na Ikweta. Mabasi ya usiku yenye kiyoyozi nayo huwa baridi vilevile.

Wiki moja kabla ya kuondoka, fua kila nguo jioni na kuianika chumbani bila jua wala feni. Isiyokauka asubuhi ibaki nyumbani, hata kama unaipenda.

Safarini, namna ya kukausha ina uzito kuliko namna ya kufua. Fua kidogo kila jioni, usisubiri rundo. Tumia sabuni ya kipande, si ya maji, na kidogo tu: sabuni isiyosuuzwa vizuri hubaki kwenye nyuzi, huvuta unyevu na kuwasha ngozi. Kamua kwa mikono, kisha tandaza nguo juu ya taulo kavu, zikunje pamoja kama mkeka, halafu ukandamize kwa magoti kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Taulo hunyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyatoa, na hapo muda wa kukauka hupungua sana. Usianike bafuni. Anika chumbani mbele ya feni, au penye kiyoyozi, kwa kuwa kiyoyozi huondoa maji hewani. Acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Suruali ining'inize kwa upande wa kiuno, mifuko ikiwa imegeuzwa nje; ndiyo inayokauka mwisho. Kamba ya mita 3 iliyosokotwa haihitaji vibanio, unapenyeza ncha ya nguo kati ya nyuzi zake.

Nguo ikibaki mbichi asubuhi, ivae kama ni nyembamba, mwili utaikausha. Au ifunge nje ya begi. Ukiifungia ndani kwa saa kadhaa kwenye joto, bakteria na kuvu huzaliana, na harufu itahamia kwenye nguo zote.

Sasa uzito. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 tu za mzigo wa mkononi, na vipimo vinavyozoeleka ni karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Ukipita nchi tano kwa mashirika matano, anayekuhusu ni yule mkali kuliko wote. Begi la lita 35 lisizidi kilo 1 likiwa tupu. Nguo kilo 2. Dawa na vitu vya usafi kilo 1. Simu, chaja na vifaa vyake kilo 1.3. Sandali nusu kilo. Mwavuli, leso au kikoi, kamba na mifuko gramu 700. Jumla ni kilo 6.5, na nusu kilo iliyobaki iacheni wazi. Kompyuta ya mkononi ya kilo 1.2 inavunja hesabu yote, kwa hiyo anayeihitaji kwa kazi apunguze kwingine kabla ya kufika kwenye mizani.

Viatu ni jozi mbili, moja mguuni. Chagua vyenye wavu unaopitisha maji. Viatu vyenye utando wa kuzuia maji vinafaa kwenye baridi. Kwenye mvua ya tropiki maji huingia kwa juu, kisha utando huohuo huyazuia yasitoke. Ngozi huota kuvu ikikaa siku chache bila hewa. Vikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Kausha kati ya vidole kila usiku na lala bila soksi, maana fangasi hupenda hapo.

Koti la mvua kwenye nyuzi 30 hukulowesha kwa jasho badala ya mvua. Mwavuli mdogo imara ni bora, na kwenye jua kali unafaa pia. Kifuniko cha mvua cha begi huacha wazi upande wa mgongoni, na maji hupenyea hapohapo. Weka mfuko wa nailoni usiopitisha maji ndani ya begi na uukunje mdomo mara tatu. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kawaida: nchi kadhaa zimeipiga marufuku na unaweza kunyang'anywa mpakani.

Unyevu huua vifaa vya umeme kimyakimya. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, matone ya maji hujikusanya juu ya lenzi na hata ndani yake. Ifungie kwenye mfuko wenye zipu ukiwa bado chumbani, toka nao, na usiufungue mpaka nusu saa ipite. Vifuko vya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, husaidia, lakini hushiba baada ya muda na kuwa mzigo bure usipovikausha upya kwa joto.

Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, haipelekwi kwenye tumbo la ndege, inakaa nawe. Mpaka ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri): zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Inayozidi 100 lakini haizidi 160 huhitaji kibali cha shirika. Maandishi yake yakifutika unaweza kunyang'anywa, kwa hiyo yabandike utepe unaoonyesha. Chaja isomeke 100–240 V. Iliyo hivyo inahitaji adapta ya plagi tu. Pasi na mashine za kukausha nywele za volti 120 huungua zikichomekwa kwenye 230, na hata hivyo hazistahili kubebwa.

Kuhusu mbu, watu hubeba chandarua wakasahau mchana. Anofelesi wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, ila Aedes anayeeneza dengi na chikungunya huuma mchana. Shati la mikono mirefu lililotiwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, hukinga saa zote, na dawa ya kutia mwenyewe hudumu takriban mifuo sita. DEET, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, ya asilimia 30 katika chupa ya ml 100 inapita ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Paka kwanza losheni ya jua, ndipo DEET, na iweke mbali na miwani, saa na kava za simu, kwa kuwa huyeyusha plastiki. Anayetumia doksisaiklini kuzuia malaria ajue kwamba huweza kufanya ngozi iungue kwa jua upesi na humezwa hadi wiki nne baada ya kutoka eneo la malaria. Vidonge hivyo vyote vihesabiwe kabla. Ongeza pakiti nne za chumvi za kuongeza maji mwilini, za aina ambayo kila moja huchanganywa na lita moja ya maji safi.

Mwisho, mipaka. Pasipoti iwe na miezi sita baada ya siku ya kuingia nchi ya mwisho, na kurasa tupu za kutosha. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 ni cha maisha. Angalia mpangilio wa nchi: ile isiyodai cheti kwa anayetoka nyumbani inaweza kukidai ukiwa umepitia nchi yenye ugonjwa, pengine hata kwa kusubiri ndege zaidi ya saa 12. Nguo zenye mabaka ya kijeshi ni kosa katika nchi kama Barbados na Jamaika, na sigara za umeme zimepigwa marufuku Singapore na Thailand. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari kinachotaja jina la dawa yenyewe, si la kibiashara tu. Zile zenye kodeini, kiambato cha baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, zichunguzwe nchi kwa nchi, kwa sababu inayouzwa kwa uhuru upande mmoja wa mpaka inaweza kuhitaji kibali upande wa pili.