Kwa nini "phet" yangu haieleweki Chanthaburi?

SWALI: Mwalimu, mimi ni dalali wa madini ya vito hapa Arusha, na lugha ya nyumbani kwetu ni Kimaasai. Nimekwisha kusafiri mara mbili hadi Chanthaburi, Thailand, kuuza mawe. Nilinunua kitabu cha misemo kinachoandika Kithai kwa herufi hizi tunazotumia katika Kiswahili, nikakariri kurasa nyingi. Hata hivyo, nikisema "phet" kwa maana ya almasi, au "si" kwa maana ya rangi, wenyeji hunitazama tu, na mwishowe tunaelewana kwa kikokotoo. Je, niongeze bidii katika kitabu hiki, au ni lazima nijifunze maandishi yao?

JIBU: Ndugu yangu, jifunze maandishi yao, na uanze kabla ya safari ijayo. Bidii yako haina kasoro. Kasoro ni kwamba tahajia uliyoikariri imeacha nje sehemu ya neno ambayo Mthai huitegemea ili alitambue.

Tuanze na hiyo "phet". Neno la almasi lina irabu fupi na toni ya juu (toni ni jinsi sauti inavyopanda au kushuka katika silabi, na katika Kithai hubadili maana ya neno). Liko neno jingine, lenye konsonanti zilezile na irabu ileile ila kwa toni ya chini, ambalo maana yake ni "kali kwa pilipili", nalo pia huandikwa "phet". Ukiondoa ile pumzi inayofuata p, unapata "pet", yaani bata. Vivyo hivyo "si": kwa toni inayopanda ni rangi, kwa toni ya chini ni nne, na mnunuzi anayejadili bei ana haki ya kuchanganyikiwa. Neno "khao" ndilo linaloumiza zaidi, kwa maana linaweza kusimama mahali pa wali, habari, nyeupe, goti, kuingia na mlima, ambayo kwa Mthai ni maneno sita yanayotofautiana kwa toni, kwa urefu wa irabu, au kwa vyote viwili.

Tahajia hiyo haikuundwa ili ifundishe matamshi. Mfumo rasmi, ambao Taasisi ya Kifalme ya Thailand iliutangaza kwa sura yake ya sasa mwaka 1999, unakusudiwa hasa kwa ramani, vibao vya barabarani na majina ya mahali, na kwa sababu hiyo hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Zaidi ya hayo, unatumia "ch" kwa sauti mbili tofauti. Jina la mji unaouendea huanza kwa sauti isiyo na pumzi, iliyo karibu na j yetu, ilhali "chang", ndovu, huanza kwa ch yenye pumzi ya wazi. Baadhi ya majina hayafuati hata mfumo huo, bali hufuata asili yake ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, mtindo ambao Mfalme Vajiravudh, aliyetawala kuanzia 1910 hadi 1925, aliupendelea. Ndiyo maana uwanja wa ndege uliotua huandikwa Suvarnabhumi lakini hutamkwa takriban "Suwannaphum", bila i ya mwisho.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa pekee, nao unatokana na jambo jema: sisi tumezoea kuiamini herufi. Tukiona "th" tunasoma kama katika "thamani", ilhali katika "thapthim", neno lao la rubi, ni t yenye pumzi. Tukiona "ae" au "ue" tunatamka silabi mbili, ilhali kila moja huwakilisha irabu moja tu. Pumzi yenyewe si ngeni kabisa katika Kiswahili. Wenyeji wa Mombasa na Lamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyohiyo, p ya mnyama ikiwa nayo na ya nyumba ikiikosa, ingawa tahajia sanifu haionyeshi. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwa "phet" uhisi hewa, kwa "pet" usihisi kitu. Sauti ya "ng" mwanzoni mwa neno, ambayo huwatesa wageni wengi, wewe unayo tayari katika ng'ombe.

Nimefurahi kwamba umetaja Kimaasai, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Katika Kimaasai, mtenda na mtendwa hutofautishwa kwa toni ya nomino, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni hiyo. Hata hivyo wewe husomi vibaya, kwa kuwa sauti ulikuwa nayo kabla ya herufi. Tahajia isiyo na toni humkumbusha neno mtu anayelijua, lakini haiwezi kumfundisha asiyelijua. Sikio lako basi limekwisha kuzoea toni. Utakalohitaji kuongeza ni mwendo, kwa kuwa kati ya toni tano za Kithai, yaani ya kati, ya chini, inayoshuka, ya juu na inayopanda, baadhi huteleza ndani ya silabi moja.

Usitishwe na herufi 44 za konsonanti, ambazo mbili kati yake hazitumiki tena. Zimegawanywa katika makundi matatu, la kati, la juu na la chini, ambayo huamua toni ya silabi. Anza na zile tisa za kundi la kati pamoja na irabu ndefu, kwa sababu katika kundi hilo alama nne za toni hufanya kazi kwa unyofu: กา ก่า ก้า ก๊า ก๋า ni "kaa" kwa toni zote tano, kwa mpangilio nilioutaja. Makundi mengine mawili yaje baadaye, maana huko alama ileile hubadilika kazi: alama ya kwanza hutoa toni ya chini katika kundi la juu, lakini toni inayoshuka katika kundi la chini. Wakati huo andika daftari lako mwenyewe kwa alama zinazotosha, kama vile phét kwa almasi, phèt kwa pilipili, sǐi kwa rangi na sìi kwa nne, ukirudufu irabu ndefu. Kila neno liandike baada ya kulisikia kwa mwenyeji.

Kwa mazoezi ya kwanza, mwombe mmoja wa wanunuzi wako akurekodie kwenye simu sita, saba na nane: hòk, jèt, pàet. Zote zina toni ya chini, na zote huishia kwa konsonanti inayofungwa bila kuachiliwa. Sisi tuliozoea silabi zinazoishia kwa irabu hupenda kusema "hoki" na "jeti", na irabu hiyo ya ziada huliharibu neno hata toni ikiwa sahihi. Katika hòk bandika sehemu ya nyuma ya ulimi kwenye kaakaa, katika jèt na pàet bandika ncha ya ulimi nyuma ya meno, kisha nyamaza hapohapo. Jirekodi, usikilize rekodi mbili kwa kufuatana, na usiende kwenye neno la nne mpaka husikii tena tofauti.