Kusoma picha za CT kabla ya kuinua kifua kilichobonyea

Kwenu mnaoanza mafunzo ya upasuaji wa kifua, jambo la kwanza mtakaloulizwa mbele ya picha za mgonjwa mwenye kifua kilichobonyea ni kipimo cha Haller. Upana wa ndani wa kifua hugawanywa kwa umbali kati ya uso wa nyuma wa mfupa wa kidari na uso wa mbele wa pingili ya mgongo, pale palipobonyea zaidi. Kifua cha kawaida hutoa takriban 2.5, na tangu kipimo hicho kilipochapishwa mwaka 1987, mpaka unaotajwa sana wa kufikiria upasuaji ni 3.25. Iandikeni namba hiyo, kisha rudini kwenye picha, kwa sababu haisemi chuma cha kuinua kidari kipitishwe wapi.

Tena hupotosha. Kifua chenye upana wa milimita 300 na kina (umbali huo wa kidari hadi pingili) cha 90 hutoa 3.3, ilhali chenye upana wa 210 na kina cha 75 hutoa 2.8 na kuonekana hakina tatizo. Sasa chora mstari wa mlalo unaogusa uso wa mbele wa pingili, upime kimo cha ukuta wa mbele pale ulipoinuka zaidi: tuseme 105 kwa wa kwanza na 110 kwa wa pili. Wa kwanza amepungukiwa asilimia 14 ya kimo hicho, wa pili asilimia 32. Kimo hicho ndicho ambacho kidari kinaweza kurudishiwa, nami hukiamini zaidi. Kumbukeni pia kwamba mgonjwa akivuta pumzi kipimo cha Haller hushuka, hivyo picha mbili zilizopigwa katika hali tofauti za pumzi hazilinganishwi.

Kazi yenyewe ya kupanga huanza mnapopitisha picha polepole kutoka juu hadi chini. Katika upasuaji wa Nuss, chuma kilichokunjwa hupita nyuma ya kidari na mbele ya moyo, kwa hiyo tazameni moyo umesukumwa kushoto kiasi gani na ventrikali ya kulia (chemba ya chini ya moyo, upande wa kulia) imebanwa wapi. Tazameni kama kidari kimepinda upande mmoja, maana hapo njia ya kupitishia chuma huwa nyembamba kuliko picha moja inavyoonyesha. Sehemu iliyobonyea zaidi ikiwa chini ya ncha ya kidari, chuma kimoja kilichowekwa hapo hakitapata mfupa wa kuuinua. Hapo fikirieni vyuma viwili, kimoja kikiwa juu zaidi chini ya mfupa wenyewe. Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa moyo asomwe kwa tahadhari ya pekee: nafasi inayoonekana wazi kwenye picha inaweza kuwa imeshikana kwa makovu.

Wengi wa wagonjwa hawa ni vijana, kwa hiyo ombeni kiwango kidogo cha mionzi, bila dawa ya kuangaza mishipa isipokuwa kuna swali mahususi linaloihitaji. Baada ya upasuaji, eksirei ya kawaida hutosha kuonyesha chuma kilipo na kama kuna hewa iliyobaki nje ya pafu.