Inspekta anamfukuza aliyemuua mdogo wake: sheria inamruhusu mpaka wapi?

Swali

Shikamoo Wakili. Naishi Igoma hapa Mwanza, naandika hadithi ya kipolisi. Inspekta wangu yuko upelelezi, Nyamagana. Miaka sita iliyopita mdogo wake aliuawa kwa panga na mtuhumiwa akatoroka usiku uleule kwa gari, akapita daraja la Kigongo–Busisi, akapotea. Sasa usiku wa manane mama mmoja mkaushaji wa dagaa anampigia simu kutoka mwalo mmoja wa Ukerewe: yule mtu nimemwona, alfajiri anapanda boti kwenda Shirati, kisha Kenya. Inspekta anachukua boti, anamfuata peke yake, anamkamata majini na kumbana mpaka anakiri. Hadithi inaishia hapo. Rafiki yangu askari aliisoma akacheka, wala hakuniambia kwa nini. Je, anaweza kumkamata bila hati? Anaruhusiwa kweli kugusa kesi ya ndugu yake? Na mtu huyo akivuka mpaka inakuwaje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nadhani najua alichocheka. Umemaliza hadithi mahali ambapo kesi ndiyo kwanza inaanza, tena umeimaliza kwa namna ambayo wakili wa utetezi angekushukuru.

Kukamata ni sehemu nyepesi. Mauaji ni kosa ambalo askari polisi anaweza kumkamata mtu bila hati, mradi ana sababu za msingi za kumshuku. Na kwa kuwa imepita miaka sita, huenda hati ya mahakama ipo tayari. Hati ya kukamata haiozi, hudumu mpaka itekelezwe au mahakama iifute. Mipaka ya wilaya nayo isikusumbue. Katika sinema za Marekani polisi hufunga breki kwenye mpaka wa jimbo, lakini sisi tuna Jeshi la Polisi moja nchi nzima, chini ya IGP (Mkuu wa Jeshi la Polisi) mmoja. Inspekta wa Nyamagana akifika Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, bado ni polisi. Kinachotakiwa ni aripoti kituoni, ujio wake uandikwe kitabuni na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wa pale ajue. Akipita kimya kimya, watu wa kwanza kumkamata wanaweza kuwa askari wenzake, maana mtu mwenye bastola na nguo za kiraia mwaloni saa kumi alfajiri hafanani na polisi.

Kuhusu undugu: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inapompa askari mamlaka ya kukamata haiulizi kama marehemu alikuwa mdogo wake. Hata kutoa ushahidi anaweza. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba shahidi hatupwi kwa sababu tu ni ndugu wa marehemu. Kinachopimwa ni kama anaaminika. Lakini kumkamata mtu ni jambo moja, kumpeleleza ni jingine. Mkuu wa upelelezi yeyote mwenye akili angempa jalada mtu mwingine siku ileile mdogo wake alipozikwa, na angempigia simu mapema amwambie akae mbali. Mgogoro wa hadithi yako ungekuwa mzuri zaidi hapo: RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) anasema timu inatoka asubuhi na Polisi Wanamaji, inspekta anajua asubuhi ni kuchelewa.

Sasa tuje kwenye pingu, maana ndipo ulipoteleza.

Mtu akishakamatwa, sheria inawapa polisi muda wa msingi wa saa nne kumhoji. Ukihitajika zaidi, uongezwe kwa utaratibu. Safari ya kumpeleka kituoni haihesabiwi ndani ya muda huo, ila kwa sharti moja: njiani asihojiwe. Hii ni zawadi kubwa kwa polisi wa ziwani. Boti ikisumbuliwa na mawimbi kutoka Ukerewe mpaka Mwanza, saa zile hazimli mtu. Inspekta wako anaichoma zawadi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Anapoanza kumbana ndani ya boti, saa inaanza kuhesabu, hajamwonya, na hajamwambia kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani. Hajampa pia nafasi ya kumwita wakili, ndugu au rafiki. Na anayemhoji ni kaka wa marehemu, wawili peke yao, katikati ya maji.

Maelezo ya onyo (yale ya mtuhumiwa yanayoandikwa na polisi baada ya kumwonya) yaliyopatikana hivyo hayafiki mbali. Mtuhumiwa atayakana Mahakama Kuu, jaji atasimamisha shauri na kuendesha kesi ndani ya kesi ili kuona kama alikiri kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Wakili atamuuliza inspekta swali moja tu: marehemu ni nani kwako? Basi. Kinachoniuma zaidi kama msomaji ni kwamba hata maneno ya kweli kabisa, aliyoyasema muuaji kweli kabisa, yatatupwa pamoja na kipigo.

Njia safi ipo na haipunguzi joto la hadithi. Amkamate, amwambie anakamatwa kwa kosa gani, ampekue mbele ya shahidi huru (mwenyekiti wa kitongoji anatosha), kila kitu kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali na wote waweke saini. Kisha amkabidhi kwa askari mwingine na akae kimya. Mtuhumiwa akitaka kukiri, aandikwe maelezo ya onyo na mtu asiye na damu katika jambo hilo, au apelekwe kwa Mlinzi wa Amani (kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo), ambaye ataanza kwa kuhakikisha kwamba hakuteswa. Hebu fikiria inspekta wako amekaa kwenye benchi nje ya mlango huo, anasikia sauti bila kusikia maneno. Mimi ningeisoma sura hiyo kuliko ile ya boti.

Usimsahau yule mama wa dagaa. Yeye ndiye kesi yako. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno na hauwezi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo jaji atataka kujua: alimwona kwa umbali gani, kwa muda gani, kwa mwanga wa nini, na je, alimfahamu kabla? Hapa ziwa linakusaidia. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Ukimweka mama huyo mwaloni usiku wa mbalamwezi, boti zote zimevutwa nchi kavu, utakuwa umekosea uvuvi. Ukimweka usiku wa giza, lazima useme taa ilikuwa wapi: karabai au taa ya betri, imening'inia kwenye mtumbwi au imewekwa mchangani, usoni pa yule mtu au mgongoni pake. Na alipopiga simu alitaja jina au alisema tu "yule mtu"? Shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema kabisa huaminiwa zaidi ya yule anayekumbuka baada ya wiki.

Kama kuna mashahidi wengine wasiomjua kwa jina, litahitajika gwaride la utambulisho (mtuhumiwa anapangwa na watu wengine, shahidi amchague), nalo haliwezekani ikiwa wameshamwona akiwa na pingu. Boti ikitia nanga Mwanza mchana na watu wameshika simu juu, picha itafika Igoma kabla ya gari la polisi kufika kituo cha kati. Wamfunike uso.

Na tafadhali, inspekta asipige kelele za "mwizi" pale mwaloni ili asaidiwe. Ni jambo linalomjia mtu haraka, najua. Lakini wewe umekulia Mwanza, unajua wananchi wenye hasira kali wakishika makasia kitakachobaki ni maiti, na inspekta atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Mpaka. Ndani ya ziwa mpaka wetu na Uganda unafuata latitudo ya digrii 1 kusini, na mpaka wa Kenya unaanzia ziwani hapohapo kabla ya kupanda nchi kavu kaskazini mwa Shirati. Majini hakuna bango. Inspekta ataujua kwa GPS au kwa kumuuliza nahodha. Upande huu kabla ya mpaka kuna jambo wengi hawalijui: Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi peke yake, una RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) wake, kwa hiyo simu ya kwanza aipige huko ili boti isubiriwe Shirati. Hiyo tu inaweza kumaliza mbio.

Mtu akishaingia maji ya Kenya, tuseme anaelekea Muhuru Bay, mamlaka ya inspekta yanakatika. Tanzania na Kenya kila moja ina sheria ya zamani kuhusu askari wa nchi jirani anayemkimbiza mhalifu mfululizo bila kumpoteza, lakini hata hiyo haimpi ruhusa ya kumfunga kamba na kurudi naye. Anayekamatwa kule hukabidhiwa kwa wenye nchi. Baada ya hapo ni ombi la serikali kwa serikali na mahakama ya Kenya kuamua. Interpol inaweza kusaidia kumtafuta, ila Notisi Nyekundu ambayo waandishi wanaipenda sana si hati ya kukamata. Ni ombi, na kila nchi inaamua kwa sheria zake. Inspekta akimrudisha kwa nguvu, serikali mbili zitaanza kuandikiana barua na utetezi utapata hoja ya kufungulia kesi.

La mwisho ni dogo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Miaka sita iliyopita muuaji wako hakuwa na daraja la kupita; alipaswa kusubiri kivuko. Rekebisha, na usilalamike, kwa sababu penye kivuko pana foleni, wauza samaki, mkata tiketi na makondakta. Mmoja wao alimwona.